Zamu ya Imakulata

Asubuhi hiyo Oliva alikamua ng'ombe, akachuja maziwa, akasonga ugali wa watu watatu na kumpa mtu mmoja. Mama yake, Kornelia, aliumaliza wote. Alikula kimya kimya kama mtu aliyetoka shambani, akafuta bakuli la maziwa kwa kidole, kisha akamtazama binti yake na kumwuliza kwa adabu kabisa, "Na wewe ni wa nani?"

Oliva alijibu kama alivyojibu kila siku, kwamba yeye ni wa kwake, kitinda mimba wake. Zamani swali hilo lilimliza. Siku hizi lilimchosha tu. Kaka zake walikuwa mjini, mmoja Babati, mwingine Arusha. Jumapili baada ya misa walipiga simu kijijini Nambis wakauliza kama mama anakula. Anakula. Basi, wakamshukuru Mungu na salio likaisha. Hakuna aliyewahi kuuliza Oliva anaongea na nani kuanzia Jumatatu.

Kilichomtisha Oliva ni bangili. Mama yake alikuwa na bangili ya shaba aliyoivaa tangu uchumba, na haikuwahi kutoka mkononi hata kwa sabuni. Sasa ilikuwa inapanda na kushuka mpaka kwenye kiwiko, na siku moja ikapotea. Oliva aliitafuta kwenye majani ya ng'ombe, akaitafuta kwenye samadi, wapi. Mtu anayekula namna ile anakondaje namna ile? Alikuwa amebakiwa na mzazi mmoja tu, na mzazi huyo alikuwa anayeyuka mbele ya macho yake.

Akampeleka zahanati. Muuguzi, dada mmoja mpole aitwaye Loveness, alimpima bibi yule akaguna. Alieleza kwamba ugonjwa wa kusahau, huu wanaouita Alzheimer, mara nyingi huja na kukonda. Wengine husahau kula. Wengine hula vizuri lakini hawatulii, huzunguka kutwa, na mwili unatumia nguvu zaidi ya unazopata. Na wengine hukonda tu, hata wataalamu hawajakubaliana ni kwa nini. Akashauri uji wa karanga na mafuta, kidogo kidogo, mara nyingi.

"Chakula anachokula hakilingani na kazi anayofanya," alisema.

"Hafanyi kazi, nesi. Anashinda kwenye kigoda."

Loveness aliishika mikono ya Kornelia, akaigeuza. Viganja vilikuwa na malengelenge mabichi. Ndani ya kucha mlikuwa na udongo mwekundu.

Udongo wa kwao ulikuwa mweusi. Mwekundu ulikuwa ng'ambo ya korongo tu, kwenye mteremko ambao haukuwa umelimwa kwa miaka mingi. Oliva alirudi nyumbani akiwa amemshika mama yake mkono.

Jioni alipita kwa jirani yao, mama Doris, mzee wa rika la mama yake. Akamwamkia shikamoo, akaeleza. Oliva alitegemea kuambiwa kwamba kuna mchawi anamlimisha mama yake usiku, maana ndivyo watu walivyokwishaanza kusema. Mama Doris alikataa. Alimkumbusha jinsi wanawake wa pale walivyokuwa wakilimiana kwa zamu. Siku uliyolimiwa lazima uirudishe. Ukiugua, mtu wa nyumbani kwako atachukua jembe lako, na akishaingia kwenye mstari, mstari ni wake mpaka mwisho. Kornelia alilimiana na rafiki yake mmoja tu, Imakulata, aliyeshika jembe kwa mkono wa kushoto. Imakulata alimlimia shamba zima. Ilipofika zamu yake mwenyewe ya kulimiwa, akafa kwa kichomi. Siku zake hazikurudishwa, na shamba lake ng'ambo ya korongo likabaki pori.

"Mama yako amesahau kila kitu, mwanangu," mama Doris alinong'ona. "Hilo hajalisahau."

Kabla ya woga, Oliva aliona wivu. Yeye aliyemwogesha na kumlisha hakukumbukwa hata jina, na marehemu alikumbukwa hadi deni. Akaenda nyumbani, akatia komeo, akatandika mkeka wake mlangoni na kulala juu yake.

Kulipopambazuka komeo lilikuwa mahali pake. Ndama waliolazwa humo ndani walikuwa bado wamelala. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, miguu ina tope jekundu mpaka kwenye vifundo, anaomba ugali.

Oliva alivuka korongo. Ukungu ulikuwa mzito. Aliona mteremko umelimwa. Mistari miwili, sambamba, kutoka juu mpaka karibu na chini. Mmoja ulikuwa na nyayo ndogo za mama yake. Wa pili, matuta yake yaliinamia upande mwingine, kama ya mtu wa mkono wa kushoto. Huo haukuwa na nyayo kabisa.

Kilibaki kipande. Si kikubwa. Lakini mama asingefika mwisho wake akiwa hai, na Oliva alilijua hilo. Alirudi kuchukua jembe la mama yake. Akaingia kwenye mstari wa mama yake, akaanza kulima.

Kando yake jembe jingine lilianguka. Akasimama. Nalo likasimama. Akapiga. Likapiga. Hakugeuka. Alilima akilia, mpaka kipande kikaisha.

"Tumemaliza," alinong'ona. "Mwache mama yangu."

Ukungu ukafunguka, na kwenye mteremko mzima hapakuwa na mtu.

Tangu siku hiyo Kornelia alilala usingizi wa kweli. Miguu yake iliamka mikavu. Mashavu yakarudi, sketi ikashika kiuno, na kaka zake Oliva wakafurahi sana kwenye simu. Mchana mmoja alisukuma bakuli lake kuelekea kwa Oliva na kumwuliza, "Umekula?" Oliva alitoka nje akalia kwa furaha.

Wiki hiyo hiyo, alfajiri, alikuta shamba lao wenyewe limelimwa lote. Udongo mweusi, bado una unyevu. Matuta yote yaliinamia upande wa kushoto. Juu ya tuta la mwisho ilikuwa imewekwa bangili ya shaba.

Hapo ndipo Oliva alipokumbuka kwamba aliyeingia kwenye mstari, mstari ni wake mpaka mwisho. Amelimiwa. Na siku uliyolimiwa lazima uirudishe.

Mama yake alikuwa amemfuata bila viatu. Aliiokota bangili, akaifuta kwa kanga, akamvisha binti yake. Ilibana, ikabidi aisukume kwa nguvu. Kisha akamtazama usoni, kwa macho ya zamani kabisa.

"Imakulata ameniambia," alisema taratibu. "Wewe ni wa kwangu."

Mvua zimeshaanza Nambis. Kornelia amenawiri. Oliva siku hizi anasonga ugali wa watu watatu na kuula mwenyewe, na kaka zake bado wanauliza habari za mama tu. Jana asubuhi, alipokuwa akikamua, bangili ilimteleza mkononi ikaangukia ndani ya ndoo ya maziwa.