Mkoba wa Majaribio

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kumbembeleza mdogo wake anyamaze, na kuokota sindano zilizoanguka chini ya cherehani. Hiyo ya tatu aliifanya kwa makini kuliko zote, maana mdogo wake alikuwa ameanza kutambaa, na mtoto anayetambaa huonja kila kitu. Jina la Kasuku alipewa na bibi yake kwa sababu ya mdomo. Hata usingizini alikuwa akiongea.

Mama yake alishona mashati kiwandani kwa miaka tisa. Alipotoka kujifungua akakuta kiti chake kina mtu mwingine. "Haya," alisema siku ile aliporudi nyumbani, "basi nitakalia kiti changu mwenyewe." Akaivuta cherehani kutoka chumbani, akaiweka sebuleni karibu na dirisha, akakaa. Lakini alikaa tu. Hakujua ashone nini.

Wazo alilipata kliniki, kwenye foleni ya kupima watoto uzito. Aliketi karibu na mwanamke mmoja mcheshi ambaye wote walimwita Mama Sabuni, kwa kuwa alitengeneza sabuni za kufulia jikoni kwake.

"Sabuni yangu ya kwanza haikutoa povu," Mama Sabuni alisimulia. "Ya pili ilikataa kuganda. Ya tatu ilimwasha mume wangu akawa anajikuna kama mbuzi. Ya nne ndiyo nikaenda kumuuliza aliyenitangulia. Wewe mwenzangu unajua kushona, na watoto wa shule wanabeba vitabu kwenye mifuko ya plastiki. Unangoja nini? Ila ukikwama, uliza!"

Mama alicheka. Wazo la mikoba alilichukua. Neno la kuuliza aliliacha palepale kwenye benchi, kwa sababu hakuwa mtu wa kuuliza. Kwake, kuuliza kulifanana na kuomba.

Ni Mama Sabuni huyohuyo aliyempeleka kwa mwalimu mkuu, mteja wake wa siku nyingi. Mwalimu mkuu aliugeuza mkoba wa kwanza huku na huku.

"Machoni ni mzuri," alisema. "Nahitaji arobaini kwa ajili ya watoto watakaoanza darasa la kwanza. Lakini uzuri haubebi vitabu. Mpe binti yako aubebe wiki nzima kama wanafunzi wanavyobeba. Ijumaa nitautazama. Ukiwa mzima, kazi ni yako."

Jumatatu mkoba ulikuwa mzima. Jumanne ulikuwa mzima. Jumatano, wakati wa mapumziko, Kasuku aliuvuta kutoka chini ya dawati akasikia *traaa!* Pale mkanda ulipoungana na mkoba, kitambaa kilikuwa kimeachia.

"Kasuku," alisema rafiki yake Kidoti, "mkoba wako unacheka."

"Nyamaza wewe!"

Alilibana lile tundu kwa pini. Tangu hapo vitabu akawa anavibeba mikononi, na ndani ya mkoba akaacha sweta tu, ili usije ukararuka zaidi.

Kwenye kona ya kutokea shule kulikuwa na fundi viatu mzee. Watoto walimwita Babu Kiraka, naye aliitika. Alipomwona Kasuku akipita na vitabu kifuani, aliinua nyundo kumsimamisha.

"We mjukuu! Leo mkoba ndio unaobebwa?"

"Shikamoo babu. Umepumzika kidogo."

"Marahaba. Mkoba ukipumzika na mwenye mkoba akatoka jasho, hapo pana jambo. Mwambie mama yako apite. Ni jambo dogo hilo."

"Nitamwambia."

Lakini alipofika nyumbani, kasuku akawa bubu. Mama alikuwa amekwisha kukata vitambaa vya mikoba yote arobaini, vimepangwa juu ya kochi kwa mafungu. Na alikuwa akiimba. Tangu Mama aache kiwanda, Kasuku hakuwahi kumsikia akiimba.

"Mkoba wetu hajambo?" Mama aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hajambo, mama."

Siku iliyofuata, njiani kutoka shule, Kidoti alivihesabu vitabu vilivyokuwa mikononi mwa Kasuku. Kisha akasema, "Mdogo wangu naye anaingia darasa la kwanza. Atapewa mkoba wa mama yako."

"Ndiyo."

"Naye atabeba vitabu mikononi kama wewe?"

Kasuku akaongeza mwendo. Alifika nyumbani, akauweka mkoba juu ya meza ya cherehani, akachomoa pini. Tundu likafunguka. Cherehani ikanyamaza.

"Tangu lini?" Mama aliuliza.

"Jana. Wakati wa mapumziko."

"Na jana nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukanijibu nini?"

Kasuku aliinamisha kichwa. "Ulikuwa unaimba, mama. Sikutaka uache."

Mama aliyatazama yale mafungu juu ya kochi. Vitambaa vya mikoba arobaini, vyote vimekatwa kwa namna ileile, na vyote vingeshonwa kwa namna ileile. Hakugomba. Ni afadhali angegomba.

"Babu Kiraka alisema upite kwake," Kasuku alinong'ona. "Hilo nalo sikukwambia."

"Nikamwambie nini? Kwamba mshonaji wa miaka tisa ameshindwa na mkanda?"

"Ulinisimulia mwenyewe, Mama Sabuni aliuliza mara ya nne. Sisi ndiyo kwanza mara ya kwanza."

Mama hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka. Akamfunga mtoto mgongoni, akauchukua mkoba, wakatoka.

Babu Kiraka aliupindua mkoba nje ndani, akaupapasa kwa kidole gumba chenye gundi.

"Mshono wako umenyooka kuliko wangu," alisema. "Uzi haukukatika. Kilichoraruka ni kitambaa. Wewe ulikuwa unashona nini zamani?"

"Mashati, mzee wangu."

"Naona! Mkanda umeushona kama kola. Kola inakaa shingoni, haibebi kitu. Huu unabeba kamusi."

Alikata kipande cha turubai gumu, kipana kama kiganja, akakiweka ndani, nyuma ya mwisho wa mkanda. "Shona pande zote nne. Kisha pitisha mishono miwili ikutane katikati kama njia panda. Mzigo ukivuta, utavuta kiraka chote. Hautavuta uzi mmoja."

Mama aliinama, akatazama, akauliza. Akauliza tena. Kasuku alihesabu maswali saba, na hakuna hata moja lililomfanya Babu Kiraka acheke.

"Turubai kama hili nitalipata wapi?"

"Ng'ambo ya barabara kuna fundi makochi. Vipande anavitupa. Mwambie umetumwa na mimi, na umwonyeshe mshono wako. Anatafuta mtu wa kumshonea foronya za mito."

"Na wewe nikulipe nini, mzee wangu?"

"Tazama mwavuli wangu. Mimi naitwa Kiraka na mwavuli unavuja! Wateja wananicheka."

Mkoba na mwavuli vilishonwa jioni ileile.

Ijumaa walikwenda kwa mwalimu mkuu, na Kasuku ndiye aliyesema yote, mpaka habari ya sweta. Mwalimu mkuu alimtazama juu ya miwani.

"Kwa hiyo mkoba ulijaribiwa siku mbili na nusu."

"Ndiyo, mwalimu."

"Basi tunaanza upya. Wiki nzima. Na sweta uvae."

Wiki ile Kasuku alibeba kila kitabu alichokuwa nacho. Kidoti, kwa utundu wake, akawa anapenyeza na vyake. Mabega yaliuma. Kiraka hakikutikisika. Ijumaa mwalimu mkuu alishika mkanda, karani wake akashika mkoba, wakavutana kama watoto uwanjani mpaka karani akapoteza kiatu.

"Arobaini," alisema mwalimu mkuu, akihema. "Lete kabla ya shule kufunguliwa."

Jioni Mama alimwita Kasuku akae naye kwenye kochi, katikati ya mafungu.

"Ulinificha ukweli ili nisihuzunike," alisema. "Nimekuelewa. Nami nilikuwa na langu la kuficha. Nilificha kwamba sijui. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ungenyamaza siku chache zaidi, watoto arobaini wangetuumbua barabarani. Mwanangu, anayeanza kazi anahitaji watu wa kumwonyesha njia. Hao nimewapata: kliniki, kwenye kona, ng'ambo ya barabara. Walikuwepo siku zote, mimi ndiye sikuuliza. Lakini anahitaji pia mtu wa kumwambia ukweli. Huyo nataka awe wewe."

"Hata kama ukweli unauma?"

"Huo ndio uuwahishe."

Kasuku alifikiri kidogo. "Basi, mama, ukweli ni kwamba ukiimba, sauti yako inapasuka."

Mama alimrushia kipande cha turubai. Kisha akarudi kwenye cherehani, akashona kiraka cha kwanza cha ile mikoba arobaini, na akaimba vilevile.