Jiwe Nililoomba

Mtungi wa maji ulipasuka kabla gari halijasimama.

Lilikuwa likiteremka ukingo wa lagga, ule mto wa mchanga usio na maji, wakati mawe meusi yalipoteleza chini ya gurudumu la mbele. Gari likaegemea upande, likasita kidogo kama mtu anayefikiria, kisha likalala ubavu. Mtungi wa lita ishirini ukabanwa kati ya sanduku la vyombo na chuma cha kiti. Jacklyne alisikia maji yakitoka kabla ya kusikia maumivu yake mwenyewe. Alitambaa hadi nyuma, akaukinga ule mpasuko kwa viganja, kwa kofia, mwisho kwa mdomo. Mchanga ulikunywa kila kitu na hata haukuonekana kuwa umelowa.

Muthama, dereva wao, mtu wa makamo kutoka Kitui, alitokea dirishani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umechanika kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na saa yake.

"Maji?" aliuliza. Mkono hakuutaja.

"Chupa tatu. Zile za lita moja na nusu."

"Simu yako?"

Jacklyne aliinua simu. Kioo kilikuwa kimesagika na ramani zote zilikuwa zimo humo ndani. Ile ya Muthama ilikuwa kabambe, simu ndogo ya tochi na redio, na huko hakuna mtandao hata wa kusema haloo.

"Na kambini wanajua tuko wapi?"

Hilo nitamjibia Jacklyne mimi, maana jibu ni mimi.

Jacklyne ni binti yangu. Amezaliwa na kukulia hapa Jericho, Nairobi, akasomea mawe chuo kikuu. Kampuni humpeleka kaskazini, mbele ya Marsabit, wiki tatu, wiki nne, kutembea jangwani akigonga mawe kwa nyundo na kuandika. Mimi nilifika darasa la saba. Sijaelewa mpaka leo mtu anaachaje nyumba yenye paa akaenda kulala na nge kwa ajili ya mawe. Na akiondoka nyumba huwa kubwa. Ndala zake zinabaki mlangoni, mimi nazipita kila asubuhi kama mtu anayepita mbwa aliyelala.

Basi safari ile nilikuwa namfungia chapati, nikamwambia, "Hebu niletee jiwe moja, zuri, nione ni kitu gani hiki kinachoninyang'anya mtoto." Nilisema tu, vile mtu husema mlangoni. Nikampa na leso yangu ya kufungia chapati. Yeye akaondoka na chapati, na leso, na lile neno.

Kambini kwao kuna daftari. Kila asubuhi anayetoka anaandika atapitia wapi na atarudi kwa njia gani, na asiporudi jioni, mkubwa wao, Bwana Mulama, anafuata njia iliyoandikwa. Mulama ndiye mwenye simu ya satelaiti, na ni moja. Siku ile Jacklyne aliandika kwa mkono wake: mashariki ya kilima, kurudi mashariki ya kilima. Kazi ikaisha mapema. Alikuwa na mawe ya kampuni sitini na kitu, lakini langu hakuwa amelipata. Upande wa magharibi aliona weusi uking'aa.

Muthama alimwambia, "Injinia, daftari limesema mashariki."

"Nusu saa tu, Mzee. Ni la mathe."

Muthama naye ana mama. Akakata usukani.

Jiwe walilipata, na wote wawili wameniambia lilikuwa zuri. Jeusi, kubwa kama nusu mkate, zito kuliko ukubwa wake, na nyuso zake zikimeta kama sufuria mpya. Jacklyne alilifunga kwa leso yangu, akalitia kwenye mkoba mdogo anaouvaa kifuani. Dakika ishirini baadaye gari lilikuwa limelala ubavu, mahali ambapo hakuna mtu angekuja kuwatafuta.

Alifunga mkono wa Muthama kwa vile vifuko vya kitambaa wanavyotilia mawe, vitatu, kimoja juu ya kingine, akakaza. Alitaka kuosha jeraha kwanza. Muthama akauondoa mkono.

"Mkono hauna kiu," alisema.

Walilala kando ya gari. Sheria ni kukaa na gari, kila mtu wa jangwani atakwambia. Lakini walihesabu: Mulama angepekua mashariki siku mbili, labda tatu, kabla ya kufikiria magharibi. Maji hayakutosha siku tatu. Kisima cha ngamia walichokuwa wamekipita juzi kilikuwa kusini magharibi, kama kilomita ishirini. Mtu mzima anatembea hizo kwa siku moja. Jacklyne aliandika karatasi akaibandika kwenye kioo, akapanga mawe kuwa mshale, na alfajiri wakaondoka. Chupa zilikuwa mbili na nusu, zote mgongoni kwa Jacklyne. Mkoba mdogo ulibaki kifuani.

Upepo ulikuwa umeamka kabla yao. Vumbi lilifunika mbingu kutoka ukingo hadi ukingo, jeupe kama maji ya ugali, na jua halikujulikana liko wapi. Ila Jacklyne alikuwa na dira yake ya kazi. Hata nyundo aliiacha garini kwa makusudi, kwa sababu nyundo ni chuma na chuma hudanganya sindano. Alimweleza Muthama hivyo kwa fahari kidogo. Kisha akaishika dira mbele ya kifua, akasoma, akaelekeza mkono, na Muthama akamfuata.

Maji aligawa yeye. Watu wa Jericho tunajua kugawa maji. Bomba letu hutoa siku mbili kwa wiki, zikizidi, na mtoto huyo nilimfundisha kuoga, kufua sketi na kuosha mguu kwa beseni moja. Alipima kwa kifuniko cha flaski: nusu yake, nusu ya Muthama, kila saa.

"Sisi Kitui tukikosa maji tunachimba mchanga," Muthama alimchokoza. "Nyinyi wa Nairobi mnaita mtu wa tanki."

"Mtu wa tanki kwetu haji, Mzee. Anasema barabara mbovu."

Wakacheka, midomo ikapasuka, wakaacha kucheka.

Mawe ya huko si ya kutembelea. Ni meusi, ya duara, yamelegea, kila hatua inataka kukuvunja kifundo. Saa sita joto lilitoka chini kama linavyotoka kwenye jiko ukifunua mkaa. Walijilaza chini ya mti wa miiba usio na majani, vichwa tu kwenye kivuli. Jacklyne anasema hapo ndipo nyumbani kulipomjia. Hakuota soda wala barafu. Alisikia foleni yetu ya bomba: mitungi ikigongana, akina mama wakisukumana kwa maneno, Mama Annah wa nyumba ya tatu akidai alikuwa wa kwanza na hajawahi kuwa wa kwanza. Na maji yakimwagika kwenye simiti huku watu wakibishana. Alitaka kulala kwenye ile simiti, shavu chini. Muthama alitaka muthokoi ya mke wake, yale mahindi yaliyokobolewa, kisha akasema hapana, hata maji ya kuchemshia muthokoi.

Jioni walikuwa wametembea kilomita ishirini na zaidi. Kisima hakikuwapo. Hapakuwa na kinyesi cha ngamia, hapakuwa na njia, ni mawe tu. Chupa ilibaki moja.

Mimi siku hiyo nilikuwa nimepigiwa na Mulama. Alisema gari halijarudi, wanatafuta mashariki, nisiwe na hofu. Nikapiga nambari ya Jacklyne. Mteja hapatikani. Nikapiga tena, nikijua. Ilikuwa siku ya maji, nikaenda bombani kwa sababu mwili ulizoea kwenda, nikautega mtungi, nikasimama pale nikitazama kaskazini, mahali palipo na gorofa tu na kamba za nguo. Mtungi ulijaa ukamwagika. Watu walinipigia kelele, mama, maji hayo. Sikuweza kuinama kufunga. Nilikuwa nafikiria tu kama yeye ameyapata.

Asubuhi ya pili upepo ulikuwa umelala na vumbi limetua. Jua likachomoza, jekundu, safi. Muthama alikuwa amekaa ameupakata mkono wake. Ulikuwa umevimba hadi vidole vinang'aa, na mwili mzima ulikuwa moto.

"Injinia," alisema, "hiyo sindano inasema jua limetokea wapi?"

Jacklyne akatazama dira. Sindano ilisema jua limechomoza kaskazini.

Akaigonga kwa kidole. Akaizungusha. Kaskazini.

"Mimi jua sikuliunda, na wewe hukuliunda," Muthama alisema. "Hicho kidude kiliundwa na mtu."

Jacklyne alivua mkoba wa kifuani ili ainame vizuri, akauweka kando, akapiga hatua tatu kuelekea kwenye mwanga. Sindano ikageuka. Ilizunguka pole pole, ikatulia mahali pengine kabisa. Akarudi hatua tatu. Sindano ikaufuata mkoba kama mbuzi anavyofuata mkono wenye chumvi.

Akakaa chini.

Lilikuwa jiwe la chuma. Na alilijua. Aliandika jina la jiwe hilo kwenye daftari lake la kazi siku alipoliokota. Mwaka wa kwanza chuoni walifundishwa kuhusu mawe hayo na dira, na mtihani alipita. Nyundo aliiacha, na kitu kibaya kuliko nyundo akakifunga kifuani siku nzima, kwa sababu ndani ya leso yangu hakikuwa jiwe tena. Kilikuwa mama yake.

Alimweleza Muthama yote bila kujificha. Muthama hakumgombeza. Alinyoosha mkono mzima.

"Lete nibebe mimi. Nitakaa nyuma yako hatua thelathini, sindano isilione. Ulimwahidi mama."

"Mzee, hata huo mkono wako huwezi kuubeba."

Alifungua leso. Jiwe aliliweka juu ya jiwe jingine, peke yake, nyuso zake zikimeta. Anasema alilitazama kwa muda ambao hawakuwa nao. Alijua nitauliza, akilini aliniona mlangoni nikitazama mikono yake. Halafu akalipa kisogo, akaifunga leso shingoni mwa Muthama na kuulaza mkono uliovimba humo ndani, akaenda hatua hamsini, akasoma dira upya. Walikuwa wamekwenda mbali sana upande wa kaskazini. Ilibidi wakate katikati ya mawe, jua likiwa begani.

Walitembea. Saa nne kifuniko kikawa nusu kifuniko. Saa sita Muthama alianza kuongea Kikamba na mtu asiyekuwapo. Saa nane akakaa, akasema amefika. Jacklyne alimlowesha midomo kwa yale maji ya mwisho, tone kwa tone, na yeye mwenyewe akalamba kifuniko. Kisha akamwinua kwa kwapa, mtu mzito vile, na binti yangu ni mwembamba. Walikwenda hatua kumi, wakapumzika. Kumi tena. Alizihesabu kwa sauti kama anavyohesabu mawe ya kampuni, na alipofika mia alianza upya, ili idadi isimtishe.

Kilichowafikia kwanza ni sauti: ko, ko, ko, kengele za mbao zinazofungwa ngamia shingoni. Jacklyne alidhani ni mitungi ya Jericho. Alisema "naja", akaenda upande huo akimburuta Muthama.

Kisimani alikuwapo mama mmoja Mgabra, wa wale wafugaji wa huko, mtu mzima, akipakia maji kwenye ngamia wake. Hakupiga kelele wala hakuuliza kitu. Alimlaza Muthama kivulini mwa ngamia, akaja na kikombe. Jacklyne alitaka kukinyakua. Yule mama alikishika kwa nguvu.

"Kidogo," alisema. "Kidogo, mwanangu. Utakufa nayo."

Akamnywesha kama mtoto mchanga, funda moja, kisha akangoja. Watu wake walipeleka habari kwenye kituo cha polisi, na kesho yake gari la Mulama lilifika. Mkono wa Muthama ulipona hospitalini, ila vidole viwili havikunjiki tena. Usukani anaukamata kwa mkono mzima, gia anabadilisha kwa vidole vitatu.

Jacklyne alipofika nyumbani alisimama mlangoni, mweusi kwa jua, midomo imepasuka, akanipa leso iliyofuliwa. Doa la damu lilikuwa bado.

"Mathe, jiwe lako nimeliacha."

Naapa nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa nimelisahau tangu siku ile niliposema. Aliponikalisha na kunieleza jiwe lilifanya nini, nilitoka nje nikakaa kando ya bomba kavu mpaka Mama Annah akaja kuuliza nani amekufa.

Nimeandika haya kwa ajili yako wewe uliye na mtoto anayefanya kazi mbali. Kutamani awe karibu si kosa. Lakini mtoto akiwa mlangoni na begi mgongoni, funga mdomo wako. Atakwenda nalo lile neno lako mahali ambapo mzigo kidogo unapotosha njia. Na wewe kijana, kilichoandikwa kwenye daftari ukifuate, hata kama ni mama yako amekuomba. Hasa kama ni mama yako.

Mwezi uliopita amekwenda tena, na Muthama ndiye dereva. Sikumzuia. Nilimfungia chapati kwenye karatasi. Alipokuwa anavaa viatu akaniuliza, kwa woga kidogo, aniletee nini.

"Niletee maji utakayobakiza," nikamwambia.

Alicheka, halafu akaacha kucheka.

Amerudi Ijumaa. Kabla hajavua viatu alitoa chupa begini akanipa, yenye maji nusu. Yalikuwa ya moto, yana ladha ya plastiki na vumbi. Niliketi pale mlangoni, kando ya ndala zake, nikayanywa yote.