Siagi ya Mzazi

Wewe ukimkuta mwanamume sokoni ananusa siagi, fungu baada ya fungu, utamdhania nini? Mjukuu wangu Bizunesh, muuza siagi, alidhani ana mke aliyejifungua. Hapa Shola, Addis Ababa, siagi ile laini ni ya genfo, ugali wa shayiri anaopikiwa mzazi.

"Hongera, baba mtoto," alimwambia, huku akifungua majani yaliyofungia siagi.

"Mimi mjomba tu. Dada yangu ndiye kajifungua. Mimi hata wa kunichemshia kahawa sina."

"Ndiyo maana unanusa kama paka."

Kesho yake mwanamume yule, jina lake Getu, alirudi, shati limepigwa pasi mpaka kola imesimama. Jioni akapiga simu.

"Siagi imeisha?" Bizunesh akamuuliza.

"Ipo. Sauti yako ndiyo imeniishia."

Wakapendana hivyo, kwa utani. Bizunesh alikuwa na miaka thelathini na tisa. Meza ile ya sokoni ni yake, na wadogo zake wote wamesomeshwa kwa siagi ile. Akijitanda shela yake nyeupe yenye ukingo wa kijani, tunaenda pamoja kanisani, mimi natembea kifua mbele.

Ikafika siku ya kunywa kahawa kwa shangazi yake Getu. Kikombe cha pili kinamiminwa, shangazi akamgeukia Bizunesh.

"Binti, wenzako wa rika lako wanaozesha watoto wao. Wewe unangoja nini?"

Getu akadakia kumkinga. "Shangazi, mwache. Sisi hatuhitaji mtoto."

Bizunesh akaweka kikombe chini, akajifunika shela, akatoka. Kwetu mtu haondoki kabla ya kikombe cha tatu, maana ndicho chenye baraka. Getu alibaki amekodoa macho.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akanijia mimi.

"Bibi, nimekosa nini? Nilikuwa namtetea."

"Mimi siye niliyeacha kahawa. Kamuulize aliyeiacha."

Jumamosi akaenda sokoni, watu wamejaa. Akachagua fungu kubwa kuliko yote.

"Genfo ya nani tena?" Bizunesh akauliza bila kumtazama.

"Ya mwanamke niliyemsemea kabla ya kumuuliza."

"Basi muulize."

"Unataka nini, Bizu?"

Muuza vitunguu wa meza ya pili akaacha kupima. Bizunesh akafuta mikono polepole, kidole kwa kidole, akaiweka shela sawa mabegani.

"Wananiambia nimechelewa. Sikuchelewa, nilikuwa na watu wa kulea na meza ya kusimamisha. Nimemaliza, na sijutii hata siku moja. Sasa ndio wakati wangu, nimeuchagua mwenyewe." Akamtazama usoni. "Nataka mtoto, Getu. Na nataka awe wako."