Kivuli cha Lenzi Ndefu

Ndugu zangu wa mtaa huu, nisikilizeni. Mimi natengeneza fremu za picha, na mlango wangu unatazamana na wa mpiga picha. Haya nitakayosema mengine niliyaona, mengine aliniambia mwenyewe.

Nyumba ile ilikuwa na amani. Asubuhi mke wake akichemsha chai, mama mzazi wa mpiga picha anaita kutoka chumbani, "Sukari msinifiche! Naumwa mgongo, siumwi ulimi!" Wanacheka mpaka sisi tunasikia.

Mama huyo ndiye aliyeuza cherehani yake ili mwanawe apate kamera ya kwanza. Baadaye mgongo ukamlaza. Kitanda chake kilibanwa kwenye kona, na dirisha lilitazama ukuta wa jirani, hivyo mchana wake ulikuwa kama jioni. Kumtoa nje hakukuwezekana, hata kugeuzwa kulimliza. Alikuwa na ombi moja tu: picha nzuri ya kutundikwa ukutani.

"Ya simu sitaki," alisema. "Nataka iliyotoka kwenye cherehani yangu."

Kamera ilikuja na lenzi fupi ya kazi za kawaida. Penye mwanga hafifu picha zilitoka zimetikisika, kwa hiyo jirani yangu akataka kuongeza lenzi ya pili. Hapo hakukosea. Mwenye duka alimwonyesha lenzi ndogo ya mtumba, haivuti mbali, ila inaingiza mwanga mwingi, na bei yake nafuu. Aliigeuza mkononi kama mtu aliyepewa kifuniko cha chupa. Macho yake yalikuwa juu rafuni, kwenye lenzi ndefu kama mkono.

Mke wake akamuuliza, "Wateja wako unawapiga picha wakiwa wapi?"

"Ndani."

"Sasa hiyo ya kuvuta mbali utamvuta nani? Bibi harusi akienda jikoni?"

"Huelewi, mke wangu. Mteja anatazama kamera kwanza. Picha anaitazama baadaye."

Hela haikutosha, basi akaitoa ile lenzi fupi iwe sehemu ya malipo. Akabaki na ndefu peke yake. Mmeona kosa?

Mtaani alitembea kifua mbele. Tukambandika jina, Bwana Mzinga, kwa ile lenzi iliyofanana na mzinga wa vita. "Bwana Mzinga, leo unapiga picha mwezi?" Alifurahi, na sisi tulimpigia makofi. Tuna sehemu yetu ya lawama.

Kisha mama akaita, "Bwana Mzinga, na mimi je?"

Mke wake alimvisha gauni la bluu na kumchana nywele. Mpiga picha akasimama miguuni pa kitanda, mgongo ukutani. Lenzi ikakoroma, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikakataa kushika sura. Alikuwa karibu mno.

"Umenipata, baba?" mama akauliza.

"Bado, mama. Sogea nyuma kidogo."

"Nisogee wapi, mwanangu? Nyuma yangu ni ukuta."

Akajibana mlangoni, lenzi ikashika, lakini giza. Akainua taa ya kamera, akabonyeza. Sasa lenzi ile, kwa urefu wake, ikaukinga mwanga wa taa yake yenyewe. Kivuli cheusi cha mviringo kilipanda kutoka chini ya picha, kikameza shingo, kidevu na mdomo. Yakabaki macho tu, yanasubiri.

Mama akataka kuona. Akatazama.

"Nimefunikwa," akasema.

Mwanawe akaapa kwenda kubadilisha lenzi. Lakini Jumamosi kulikuwa na mechi, na alitaka aonekane na mzinga wake pembeni mwa uwanja, mara moja tu.

"Nenda, baba," mama alimwambia. "Mimi siendi popote."

Alikwenda. Jumatatu ndipo alipofika dukani. Aliporudi na lenzi ndogo mfukoni, alikuta viatu vya majirani vimejaa mlangoni kwake.

Baada ya mazishi aliingia chumbani peke yake, akapiga picha kitanda kitupu. Akaniletea picha zote mbili. Ile ya kitanda sijaona safi kama hiyo: kila uzi wa blanketi, na shimo lililoachwa na kichwa kwenye mto.

"Fundi, hiki kivuli kinakatika?" akauliza.

"Kinakatika. Ila ukikikata, unakata na mdomo."

"Basi uache mdomo. Bado unaniuliza, 'Umenipata, baba?'"

Siku hizi picha zake ni nzuri. Lakini kabla ya kubonyeza husimama, akainamisha kichwa kando. Wateja hudhani anatafuta mwanga. Mimi namwona kupitia dirisha, midomo yake ikisema, "Bado, mama."

FUNZO

Ukitaka kuongeza lenzi kwenye kamera yako ya kwanza, usiulize wenzako wamebeba nini. Jiulize unasimama wapi ukifanya kazi, na pana mwanga kiasi gani. Kama kazi yako ni vyumbani, lenzi ndogo ya bei nafuu inatosha, hata ya mtumba, ilimradi kioo hakina ukungu. Lenzi iliyokuja na kamera usiitoe.

Na kuliko hayo yote: aliyekununulia kamera, mpige picha leo kwa lenzi uliyonayo. Sifa za mtaani hazina uso wa kutundika ukutani.