Diski Iliyommeza Mama Mwape

Harufu ndiyo iliyoanza. Mwezi wa nane, Lubumbashi haijaona tone la mvua miezi minne, vumbi jekundu la mtaa wa Ruashi limeingia mpaka kwenye sukari, halafu kompyuta ya Émerance inanuka udongo uliolowa! Si plastiki inayoungua, maana hiyo kila fundi anaijua. Udongo mbichi, ule wa shimo linalochimbwa. Émerance alifungua kasha, akapuliza feni, akanusa tena, akasonya, akafunga.

Angejua, asingefunga. Lakini hadithi hii ina mwenye kosa, na mimi sitamficha.

Émerance alikuwa fundi wa kompyuta, mjane, mama wa msichana mmoja, Glodie. Kibanda chake kilikuwa mbele ya nyumba, na wateja walimwogopa kwa sababu ya mdomo wake. Mtu akija na diski ya SSD aliyonunua kwa bei ya kutupa, Émerance aliipima kwanza kwa kiganja. "Hii iko mwepesi sana. Nani alikuuzisha? Kesho utamupata wapi, fasi gani?" Kisha aliijaza mafaili mpaka pomoni, siku nzima, na kuyasoma yote upya, kwa sababu namba ya kwenye boksi hata mwizi anaweza kuiandika.

"Disque ya muzuri," aliwaambia, "ni ile unajaza mpaka mwisho na inakurudishia vyote. Ingine yote ni bongo, ni uongo mutupu."

Sasa sikieni. Mwanamke huyo huyo, diski moja tu ndiyo hakuipima, na ndiyo iliyobeba nyumba yake.

Nyumba ilikuwa ya mama mkwe wake, Mama Mwape. Fils, mume wa Émerance, alipokufa, bibi huyo alikataa katakata mkazamwana wake afukuzwe kama wajane wengine wanavyofukuzwa. Alikuwa mkali, alikuwa na kisirani, na chumvi ya Émerance haikumridhisha hata siku moja. Lakini haki aliijua. Kabla ya kufariki alikaa mbele ya simu ya Émerance, akafunga kitambaa chake vizuri, akasema kiwanja na nyumba ni vya Glodie na mama yake, na asiuzishe mtu. Akaagiza video hiyo ionyeshwe siku ya kutosha kilio, siku ya kumaliza msiba, mbele ya ukoo wote.

Simu iliibwa sokoni. Video, aliyokuwa amekwisha kuinakili, ikabaki kwenye kompyuta, ndani ya diski kongwe iliyokuwa imeanza kulia krr, krr. Ndipo akaja Chadrack, mdogo wake Fils, na kicheko chake na boksi linalong'aa.

"Mulamu, nilikuletea SSD ya mupya. Téra mbili! Ni cadeau. Video ya mama isipotee."

Kupima zawadi ya shemeji mbele ya macho yake ni kumwita mwongo. Émerance, asiyemwonea aibu mteja yeyote, siku hiyo akaona aibu. Akahamisha vyote, cha kwanza kabisa video ya Mama Mwape, na diski kongwe akaiuza kwa watu wa vyuma. Tangu hapo Chadrack alipita kila siku na flash yake: "Mulamu, niwekee ba-film kidogo." Akaweka filamu, akaweka mahubiri, akaweka mechi za mpira, na kila alipoondoka harufu ya udongo ilizidi.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kutosha kilio, mchana kweupe, umeme ulikatika mtaa mzima. Mashine ya jirani ya kusaga mahindi ikanyamaza. Glodie alikuwa mlangoni akichambua sombe, majani ya muhogo. Ndipo spika za kompyuta, zisizo na umeme wala betri, zikakohoa.

"Mama," Glodie alinong'ona, "nani anakohoa sawa nkambo?"

"Nyamaza. Usiitike."

Zikakohoa tena, kikohozi kile kile kikavu cha miezi ya mwisho ya bibi, na harufu ikapanda kutoka chini ya meza, ikaingia kwenye nguo, ikaingia kwenye maji ya ndoo, ikawa nzito mpaka Émerance akaihisi kwenye ulimi, na kutoka ndani ya udongo huo, taratibu, kwa hasira ya mtu aliyerudi nyumbani akakuta wengine wamelala kitandani mwake, sauti ikasema:

"Mama Glodie. Uliniweka fasi gani?"

Émerance aliinamia kompyuta. "Mama... muko mu disque, mama."

"Hakuna fasi humu! Bananikalia! Bantu ba mupira bananikalia ku uso!"

Glodie alipiga ukelele, sombe ikamwagika. Umeme uliporudi Émerance alifungua video. Kijivu. Kutoka mwanzo mpaka mwisho, kijivu kitupu, na nyuma yake kelele za mashabiki wa mpira.

Akashika bisibisi. Akaing'oa diski ya Chadrack, akaifungua juu ya meza yake ya kazi. Ndani mlikuwa na kikadi kidogo cha kumbukumbu cha simu, kimebandikwa kwa gundi, na pembeni nati kubwa ya chuma ili kiganja cha fundi kidanganyike kwa uzito. Giga sitini na nne! Boksi limeandikwa téra mbili, yaani giga elfu mbili. Diski ya namna hii ikijaa haisemi imejaa. Inarudi mwanzo na kuandika juu ya vilivyotangulia. Aliyetangulia alikuwa Mama Mwape.

"Alijua," Émerance alisema. Alipiga meza mpaka skurubu zikaruka. "Kila siku na flash yake! Mushenzi yule alijua! Na miye, mujinga, nilimuonea haya!" Akalia, na machozi yake yalikuwa ya hasira.

Ijumaa nzima alijaribu kuirudisha ile video. Hakuambulia hata jicho moja la bibi. Jioni alikwenda kwa Kambale, muuzaji wa jumla anayetoa risiti na kukubadilishia kitu kikiharibika, akanunua diski ndogo ya kweli. Alfajiri alikuwa ameijaza mpaka mwisho, na ikamrudishia vyote.

"Ya nini sasa, mama?" Glodie aliuliza. "Video hayiko tena."

"Nkambo yako aliomba fasi. Nimetafuta fasi."

Jumamosi ukoo ulijaa uani, wengine kutoka Naviundu hapo jirani, wengine kutoka mbali. Mzee Rigobert, kaka wa marehemu, alikaa mbele. Chadrack alivaa shati jeupe, na safu ya pili alimkalisha mtu mnene ambaye hakuna aliyemjua. Mnunuzi! Msiba haujatoka, mnunuzi amekwisha kula bukari, ugali wa wafiwa!

"Mulamu," Chadrack alisema kwa sauti kubwa, "onesha basi ile video unasemaka."

"Hayiko. Weye njo uliifuta, na disque yako ya bongo."

"Mujomba, munasikia? Hayiko! Hata haikukuwako!" Akacheka.

Mdomo ulifunguka kucheka, na haukufungika. Harufu ya udongo ulioloa ikapita uani katikati ya vumbi la mwezi wa nane, watoto wakaacha kutafuna, na Chadrack, macho yamemtoka, mikono yake ikipanda yenyewe kichwani kufunga kitambaa ambacho hakikuwepo, akakohoa kile kikohozi kikavu ambacho kila mtu pale alikuwa amekisikia kando ya kitanda cha bibi, kisha koo lake la kiume likatoa sauti ya mwanamke mzee.

"Miye, Mwape..."

Watu walipiga ishara ya msalaba. Mama Victorine wa kikundi cha maombi aliruka na chupa ya maji ya baraka. "Kwa jina la Yesu, toka!"

Émerance alimkamata mkono. "Ngoja, Mama Victorine! Amalize kwanza. Ninakopia."

Akamwinulia Chadrack simu mpya usoni. Sauti ilisema yote, neno kwa neno kama siku ile: nyumba ni ya Glodie na mama yake, asiuzishe mtu. "Na chumvi, Mama Glodie, unawekaka kidogo sana."

Mzee Rigobert alisimama. "Ni dada yangu. Nimesikia. Imeisha." Mnunuzi alikwisha kufika barabarani.

Lakini macho ya Chadrack yalimgeukia Émerance. "Uliniweka fasi gani?"

Émerance aliiinua diski mpya kwa mikono miwili. "Hapa, mama. Hii niliijaza mpaka mwisho."

Macho yakaitazama diski, yakafumba. Mama Victorine akamwaga maji yake yote. Chadrack akaanguka, akatema tope jekundu, akalia kama mtoto, na hakuna aliyemwinua.

Video mpya iko ndani ya diski ile, na nakala kwa Mzee Rigobert. Chadrack hakanyagi tena Ruashi. Diski imefungwa kabatini, haijachomekwa popote. Kila mwezi Émerance huitoa kuikagua, na kila akiigusa anaikuta na joto.

Huirudisha polepole, huenda jikoni, na kuongeza chumvi.