Herufi Moja

"Shangazi, hebu nisomee. Siyaamini macho yangu."

Shangazi aliweka kando kifungo alichokuwa akishona, akapangusa miwani, akaisoma ile meseji kwa sauti ya mhubiri:

"Nipe moyo."

"Basi?"

"Basi. Kwani ulitaka na viambatisho?"

Fundi cherehani aliketi. Tangu asubuhi alikuwa akililia gauni la bibi harusi aliloliunguza mgongoni kwa pasi, na mwenye gauni angekuja kulichukua kesho. Sasa gauni lilipepea dirishani kama wingu lililopanga chumba, naye aliona vidole tu: vidole vya mpiga kinanda wa kanisani, aliyeituma ile meseji.

Mtaa mzima ulimwita Jipe Moyo, maana ndivyo alivyomwambia kila mwenye pumzi. Muuza mayai akijikwaa, "Jipe moyo." Mwalimu mwenye upara akipita mbele ya kioo, "Jipe moyo." Hata jogoo aliyekuwa akipelekwa jikoni aliagwa hivyo, kwa heshima zote.

Fundi peke yake hakuwahi kuambiwa. Aliimba kwaya pembeni ya kile kinanda, akilisubiri neno lake, wala halikuja.

Simu ikalia tena.

"Samahani dada! Nilitaka kuandika JIPE moyo. Nimesikia habari za gauni. Kidole kimeteleza."

Wingu likageuka kitambaa.

"Kidole!" alisema Fundi. "Kumbe nimependwa na kidole."

"Mpigie."

"Nimwambie nini, Shangazi?"

"Mwambie kwenye kinanda hakijawahi kuteleza."

Akapiga.

"Kaka, kila mtu unamtia moyo. Mbona mimi hujawahi kunitia moyo?"

Kwa mbali kinanda kililia noti moja ndefu, kama kilichoegemewa na mtu aliyeishiwa nguvu.

"Naogopa," alisema.

"Wewe?"

"Baba alipofariki, mama mmoja wa kanisani alikaa nami kibarazani, akaniambia, jipe moyo, Mungu hajakuacha. Nikainuka. Tangu siku ile nalitoa neno hilo bure, kama nilivyopewa. Lakini kwako mimi ndiye mhitaji. Nikifungua mdomo, linataka kutoka lile lenye N."

"Kwa hiyo kidole hakikuteleza."

"Kiliteleza, dada. Kikaangukia kwenye ukweli."

Shangazi, ambaye hakuwa akisikiliza hata kidogo, alijichoma sindano.

"Njoo," alisema Fundi. "Kwanza nitie moyo, nina gauni la kuokoa. Hilo lenye N tutalizungumza baada ya pindo."

Alikuja. Hakugusa hata uzi. Aliomba, akaketi, akavumisha wimbo taratibu, na Fundi akashona maua ya lesi juu ya alama ya pasi, ua baada ya ua, hadi mgongo wote ukawa bustani. Mchana ulielea kama ndoto yenye harufu ya mvuke. Kesho yake bibi harusi alijitazama kwenye kioo, akauliza kwa nini mbele hakukuwekwa maua.

Gauni la harusi lililofuata, Fundi alijishonea mwenyewe.

"Je, unakubali?" mchungaji alimuuliza bwana harusi.

Mtia moyo wa mtaa mzima akakauka ulimi. Muuza mayai akatoa leso. Mwalimu akashika upara wake. Shangazi akafumba macho, jicho moja.

Fundi akasogea, akamnong'oneza:

"Jipe moyo."

Bwana harusi akatabasamu, akasema kwa sauti iliyofika hadi nje:

"Nakubali, Mchungaji. Nimeshapewa."