Bendi Ilimsubiri Bosi

"Bendi yake?" Bosi alimsogezea mchumba wake simu usoni. "Mama yako ananiandikia nini hapa?"

Ujumbe ulisomeka: "Mkwe, redio tumeshawasha. Leo tunamsikiliza mwanangu na bendi yake. Umsaidie vizuri."

Vidole, mchumba mwenyewe, aliusukuma pembeni mkono wenye simu. Yeye alikuwa mpiga kinanda tu katika bendi ya jazi ambayo Bosi aliianzisha kwa tarumbeta yake na ubishi wake. Harusi yao ilikuwa Jumamosi, na pale studio walikuwa karibu kuingia hewani.

"Punguza sauti, mpenzi. Nyumbani wananicheka kwamba naongozwa na mwanamke. Nimewaambia bendi ni yangu. Hata mtangazaji nimemwambia hivyo. Ni leo tu."

"Na mimi leo ni nani?"

"Mke wangu mtarajiwa. Kwani hicho ni kidogo?"

Bosi aliichukua tarumbeta yake. Wenye kumbi walishamuuliza mara nyingi kiongozi yuko wapi, naye amesimama mbele yao na tarumbeta mkononi. Hao alishawazoea. Huyu alimpenda, jamani, ndiyo maana ilimchoma.

Taa nyekundu ikawaka. Mtangazaji akamkaribisha "kiongozi", na Vidole, kifua mbele, akahesabu moja mpaka nne.

Kimya.

Katika bendi ile hakuna aliyeanza kabla Bosi hajagonga kisigino sakafuni. Ndivyo alivyowafundisha tangu mwanzo, na Vidole alilijua hilo; sifa tu zilimlevya. Mpiga drams alikuwa anaangalia viatu vya Bosi. Mpiga gitaa vilevile. Na ukweni redio ilikuwa wazi, wanasubiri.

Bosi angeweza kumwacha Vidole aumbuke hadi mwisho. Roho ikakataa. Akagonga kisigino, na muziki ukalipuka.

Wimbo ulipoisha, Vidole aliinamia kipaza sauti, jasho linamtiririka.

"Wasikilizaji, nimewadanganya. Bendi ni ya huyu dada. Mimi napiga kinanda."

Wakati wa matangazo ya biashara alimfuata kwenye korido, akaomba msamaha mpaka sauti ikakauka.

"Nimesema mbele ya watu wote. Basi yaishe."

"Umesema baada ya kuumbuka." Machozi yalikuwa yanamtoka Bosi, wala hakuyafuta. "Mazoezini njoo kama kawaida, kinanda unakijua. Harusini usije."

Akarudi studio. Kipindi kilikuwa bado hakijaisha.